Mti Wako Umekataa Kuinuka

Gurei, nyuma ya kanisa,
Juba, Sudan Kusini.
2 Machi 2025.

Mpendwa dada Janepher,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kitale, wewe na shemeji na watoto wote. Mko salama? Lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi limepata nafuu? Na masomo ya watoto yanaendaje? Yule wa mwisho aliniuliza kwenye simu kama Juba kuna simba. Mwambie wapo, ila siku hizi wanaendesha matanka ya kuuza maji.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Annet mke wangu ana kikohozi cha vumbi kisichoisha, na mimi mgongo umeanza kunidai ujana wangu wote, lakini tunakula na tunalala. Mama yupo. Nasema yupo kwa maana miguu imemchoka sana. Anashinda kitini pale uani, ila mdomo wake ni ule ule unaoujua, na wafanyakazi wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu yetu mimi na wewe ni ya kucheka tu. Tunacheka, tunaulizana bei ya unga, na kabla hatujafika kwenye maneno yenyewe mtandao unakatika. Halafu kuna kitu kidogo ndani ya bahasha hii ambacho simu haiwezi kubeba. Nimekifunga kwenye gazeti. Tafadhali usikitazame kwanza, soma mpaka mwisho. Lilly, yule binti wa shangazi, anarudi chuoni Eldoret na amekubali kupita kwako akupe mkononi.

Habari kubwa ni kwamba tumehamishia kitalu hapa nyumbani. Kitalu chetu cha kando ya mto hakipo tena. Mzee Lodu, aliyetukodisha ile ardhi tangu tuliporudi kutoka Kenya, alifariki mwaka jana, na watoto wake wamegawana. Walikuja kwetu kwa heshima, wakakaa na Mama, wakatuambia tuondoke kabla ya mvua kwa sababu wanataka kujenga. Sina ugomvi nao. Ardhi ni ya baba yao.

Lakini nimeumia, sitakuficha. Pale mtoni maji tuliyavuta kwa pampu yetu ndogo, tukamwagilia asubuhi na jioni bila kufikiri. Huku Gurei nyumbani tunanunua ya tanka, na miche inakunywa kuliko walevi wa mtaa wa Hai Amarat. Uwanja ni mdogo. Imebidi miarobaini isimame mpaka mlangoni mwa jikoni, na Annet anapita katikati yake na sufuria huku akinilaani kimyakimya. Biashara yenyewe bado ipo. Wachuuzi wa barabarani bado wanakuja kuchukua kwa jumla, na hoteli bado zinataka maua ya bustani. Mashirika nayo bado yanachukua mikangazi kwa maelfu siku ya mazingira. Wanapiga picha, wanaondoka, na mbuzi wa mtaani wanafanya sherehe.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha chini kuandika. Ni habari ya miparachichi yako.

Wewe uliolewa kabla hatujaanza kazi hii, kwa hiyo labda hujui maana ya kuinua. Mche ukikaa kwenye mfuko wake wa plastiki, mizizi hutafuta njia. Inapita kwenye vitundu vya chini na kuingia ardhini. Ndiyo maana kila mwezi tunakuwa na siku ya kuinua, watu wote, mfuko kwa mfuko. Unaushika, unaunyanyua, unasikia vimizizi vikikatika, unaurudisha chini. Mche unanuna siku mbili tatu kisha unasahau. Usioinuliwa huwa mzuri sana kwa macho, tena mzuri kuliko wenzake, lakini hauuziki tena, kwa sababu umeshajipatia kwake ardhini.

Kitu kimoja tu hakiinuliwi kwetu, nacho ni mti wenye kitambaa chekundu. Hiyo ni sheria ya Mama. Mti ukishauzwa na mwenyewe hajaja kuuchukua, Mama huufunga kitambaa chekundu kwenye shina, na hapo hakuna mkono unaougusa isipokuwa wa kumwagilia. Sheria ilianza siku Rufus, mfanyakazi wetu aliyekulia Adjumani, Uganda, alipoinua mlimau wa mteja ukamvunjikia. Mwenye mti akija, yeye mwenyewe ndiye anayefungua fundo, na fundo likifunguka mti ni wake. Wateja wanaipenda sana hiyo. Nyamal, meneja wa hoteli moja ya Amarat, husimama apigwe picha akifungua. Na haijawahi kutuletea shida, kwa kuwa anayenunua huja kuchukua ndani ya wiki.

Nadhani umeshaanza kuona ninakoelekea.

Ile Pasaka ulipokuja, baada ya mipaka kufunguliwa wakati wa korona, ulizunguka kitalu kizima na viatu vyako vizuri vya Kitale ukiviharibu kwenye matope, tukakucheka. Ukasimama kwenye safu ya miparachichi. Mama alikuambia kwamba imetokana na kokwa za ule mti wa nyuma ya nyumba tuliyopanga Kitale, kokwa alizozibeba kwenye kopo tulipokuwa tukirudi, watu kwenye basi wakidhani amebeba dhahabu. Wewe ukachagua miwili. Ukasema, “Hii na hii ni yangu. Msinipandie. Desemba nakuja kuipanda mwenyewe kwa mkono wangu, pale Gurei nyuma ya nyumba, kwenye sehemu mliyonitengea.”

Mama alijipapasa mfukoni akakosa kitambaa. Ukavua kilemba chako chekundu, ukachana upindo wake vipande viwili, ukampa. Akavifunga kimoja kimoja, kwa kulegeza ili visibane shina likikua. Jioni ile alirudi nyumbani akiimba, na unajua Mama haimbi nje ya kanisa.

Desemba ya kwanza mtoto alikuwa na mtihani. Iliyofuata barabara ilikuwa mbaya, na hilo ni kweli, hata sisi tulikuambia usije. Halafu nauli. Halafu tukaacha kuuliza, na wewe ukaacha kusema. Sikulaumu, dada. Mtu mwenye nyumba na watoto hawezi kunyanyuka tu kama vumbi. Nasema tu kwamba kila Novemba Mama alikuwa anamtuma Rufus apalilie ile safu kuliko safu nyingine zote.

Na miti ilikua, Janepher. Miparachichi mingine jua la Juba liliichoma majani ikawa kama imepikwa, lakini yako ilinenepa. Jani lilikuwa zito, la kijani kibichi. Hata maji ilikuwa haiombi sana. Mwaka jana mmoja ulizaa, matunda machache, nami nikataka kumwonjesha Annet. Mama akanizuia. “Ni ya mwenyewe,” alisema. Yakaiva, yakaanguka, yakaliwa na ndege. Sisi watu tunaoishi kwa miche, tunaojua mti usioomba maji una siri gani, tuliitazama tukasema ni baraka. Tulifurahi kama wajinga. Hakuna aliyekumbuka kwamba kitambaa kile kilikuwa kimezuia kuinua kwa miaka yote hiyo.

Siku ya kuhama tulipakia lori tangu alfajiri. Tuliinua kila kitu, tukafika mwisho wa safu, imebaki yako tu. Rufus akaweka mikono nyuma.

“Bosi, hii ya nyekundu mimi hapana shika,” alisema. “Habuba alikataza.” Ndivyo anavyomwita Mama, kama watu wa hapa wanavyowaita bibi zao.

Nikamwambia leo ni ruhusa, tunahama. Akainama, akaushika mfuko wa kwanza, ukachanika mikononi mwake kama karatasi ya zamani. Ndani hapakuwa na mizizi ya mfuko. Palikuwa na mzizi mmoja mnene kama mkono wangu, umenyooka kwenda chini. Rufus aliutazama, akatikisa kichwa.

“Hii haiko ya mfuko tena,” alisema. “Iko ya dunia.”

Tukashika wa pili. Ulikuwa vilevile. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, nikashika kichwa. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele cha lori, akauliza mbona hatuondoki. Rufus ndiye aliyemwendea akamweleza. Mama akasema tujaribu mmoja.

Tulichimba mpaka jioni kuuzunguka. Tuliufunga udongo wake kwa magunia, tukaunyanyua watu watano, lakini mzizi mkuu ulikuwa umeshuka kuliko majembe yetu, ukifuata unyevu wa mto. Ikabidi tuukate. Nilisikia ulivyokatika. Tukauleta Gurei, tukauweka kwenye shimo lililochimbwa sehemu yako na kujazwa samadi, Mama akisisitiza kwamba hatujaupanda, tumeushikiza tu mpaka mwenyewe aje. Tuliujengea kivuli cha wavu. Annet, ambaye anazozana nami kwa kila ndoo, aliupa maji yake ya kuogea.

Majani yalilegea. Mama akasema umenuna, utasahau. Akawa anaketi karibu nao, anaukwaruza gome kwa ukucha kila asubuhi atafute kijani. Kijani kikapungua kikashuka chini, mpaka siku moja hakikuonekana. Alimwita Rufus akamwonyesha kwa kidole aung'oe. Kitambaa chake kilikuwa kimeoza kwa jua, kikamchanikia Rufus mkononi. Mimi nilijitia nina kazi upande mwingine.

Shimo likabaki wazi. Nilitaka kulifukia, Mama akakataa. Sasa wewe unajua huku watu wanazikwa uani kwao. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akaona shimo refu, na Mama ameinama kitini pembeni yake. Kabla ya adhuhuri wanawake wa mtaa walikuwa wameshaingia na mikeka na sukari ya msiba, wakakaa kwa heshima. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni nani. Na Mama, bila kugeuka, akawajibu, “Hilo ni la Janepher.”

Dada, walikulilia. Walilia kweli, na wengine hawajawahi hata kukuona. Nilikimbia kutoka kwenye tanka la maji nikiwaambia hapana, hapana, Janepher ni mzima, yuko Kitale ana mume na watoto, shimo ni la mti. Wakaona aibu, wakaanza kucheka huku wakifuta machozi, na mimi nikacheka nao. Mama hakucheka. Alisema taratibu, kama anaongea na mapaja yake, “Waache walie. Mimi nimelia hii miaka yote na hakuna aliyeniletea sukari.”

Wanawake wale wakakunja mikeka yao. Sukari waliiacha. Mimi sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Najuta kwamba hatukuipanda tu, ile Pasaka ile ile, na wewe upo, hata kama ulikuwa umevaa viatu vizuri na udongo ulikuwa mbichi. Ingechukua muda wa kunywa chai. Tulidhani kungoja ni njia ya kukutunzia.

Mapema mwezi uliopita Mama akataka apelekwe mtoni. Niliazima gari kwa jirani. Sehemu ile imemwangukia Tisa, binti wa mwisho wa marehemu Lodu, na tulimkuta na fundi wake wakipima msingi kwa kamba. Mti wako wa pili upo pale umesimama peke yake kwenye uwanja mtupu, mfuko umeshachanikachanika wote chini yake. Nilidhani Mama ameenda kuomba tujaribu tena kuchimba. Hakuomba hivyo. Alimuuliza Tisa jiko litakaa wapi. Tisa akamwonyesha. Mama akasema basi mti huu utatia kivuli jikoni, usiukate, na Tisa akaapa kwa jina la baba yake kwamba hataukata. Ni msichana mzuri. Alisema tukipenda tuwe tunakuja kuchukua matunda.

Kisha Tisa, ambaye alikuwa akituona tangu utoto wake na anaijua desturi yetu, akanyoosha mkono afungue fundo. Mama akaushika mkono wake.

“Malesh, binti yangu,” alimtaka radhi. “Mti chukua. Fundo si lako.”

Shina lilikuwa limenenepa mpaka limejaa kitambaa chote, bado kidogo kianze kulibana. Mama alitoa kile kisu chake cha kupandikizia, ambacho bado anatembea nacho ingawa macho hayamsaidii tena kupandikiza, akaingiza ncha kwa nyuma, upande usio na fundo, akakata. Akakikunja. Akaupigapiga mti kwa kiganja, mara kadhaa, akauambia na wenyewe malesh. Ndani ya gari ndipo alipolia. Mimi niliendesha tu.

Tulipofika nyumbani akanipa kitambaa. “Mpelekee,” alisema. “Mwambie fundo sijalifungua.”

Mimi sina ufundi wa maneno kama wewe, kwa hiyo nasema wazi. Mama anazeeka haraka kuliko ninavyokuambia kwenye simu. Sikuiti kwa ajili ya mti, mti umeshapata kwake. Nakuita kwa sababu kila asubuhi akishakaa kitini anauliza leo ni tarehe ngapi, na mimi najua anahesabia nini. Usiniambie tena Desemba. Mvua inaanza Aprili. Njoo na mvua, hata kwa wiki moja, hata bila zawadi. Nauli tutasaidiana.

Kabla Mama hajakata kitambaa nilichukua vikonyo vichache, vile vichipukizi vya juu ya mti ule, nikavipandikiza kwenye miche ya kokwa. Vitatu vimekufa, kimoja kimeshika. Kipo kwenye mfuko karibu na shimo lako, ambalo limefunikwa kwa mabati ili watoto wasitumbukie. Sijakifunga kitambaa, na sitakifunga. Mwezi ukiisha nitakiinua kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mwezi baada ya huo.

Msalimie sana shemeji, mwambie sina kinyongo naye, ila akuache upumue, akuruhusu uje. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina. Annet anakusalimia na anasema uje uone anavyoishi msituni. Rufus anakusalimia, anaona aibu na mimi nimemwambia asione. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape riziki na afya, na wewe akupe njia nyeupe kutoka mlangoni kwako mpaka mlangoni kwetu.

Sasa fungua lile gazeti. Kimepauka, si chekundu tena, lakini nadhani utakijua kilemba chako. Tazama upande mmoja umekatwa, huo ni wa Mama. Upande mwingine una fundo, kama alivyolifunga mbele yako. Usilifungue huko. Njoo nalo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye mwezi wowote wa mwaka,

Fortunato Yangi